Kabla ya kutia chumvi, isome chupa

Wiki yangu ya kwanza Yokohama, Japani, nilimwuliza dada wa dukani sake, ile pombe ya Kijapani ya mchele, iko wapi. Akanipeleka kwenye jokofu la samaki, akanionyesha minofu ya samoni. Kumbe Kijapani kina sake mbili, na kwa matamshi ya upande wa Tokyo samaki hupandisha sauti mwanzoni, pombe mwishoni. Sisi tukiitamka kama tunavyoutaja mji wa Sake, ule ulio jirani na Goma, tunaagiza samaki. Sema "osake", utaeleweka. Ila hata hiyo ni pombe yoyote, bia imo. Ile ya mchele huitwa nihonshu, na kwenye lebo utakuta seishu.

Jikoni ndiko nilikojifunza kwa machungu. Nilinunua chupa ya bei nafuu ya ryorishu, yaani sake ya kupikia, nipike vibua kwa miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa. Nikamimina kikombe kizima, nikakoroga miso, kisha mkono ukaenda kwenye chumvi kwa mazoea. Wageni wangu walikula wali mtupu. Sikujua kwamba ryorishu hutiwa chumvi kiwandani, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3, ili isinyweke na isitozwe kodi ya pombe. Kikombe kimoja kinabeba karibu kijiko cha chai cha chumvi!

Basi geuza chupa, utafute alama hii: 塩. Ndiyo chumvi. Ukiiona, usitie yako mpaka umeonja mchuzi. Mimi sasa nanunua seishu ya kawaida ya boksi, yenye mchele na koji tu, yaani mchele uliooteshwa kuvu ya kuchachushia. Samaki mbichi namnyunyizia vijiko viwili vya sake, namwacha dakika 10, kisha namfuta maji yanayomtoka. Shombo hupungua mno. Kwenye mchuzi, sake hutangulia, ichemke bila mfuniko mpaka ule ukali wa puani uishe, ndipo nitie sosi ya soya.

Na ukimpikia Muislamu, tafadhali usimwambie kilevi chote kimeruka na mvuke. Hakiishi chote. Hata miso na sosi ya soya nyingine hutiwa kilevi. Tafuta 酒 au アルコール kwenye lebo, zote mbili ni alama za kilevi. Jirani yangu, dada kutoka Pemba, nampikia vibua hao hao kwa maji, vipande vya tangawizi na sukari kidogo, katika sufuria isiyowahi kuingia sake.