Muulize Fundi: Matangi yangu hayasomeki kutoka ofisini

SWALI: Shikamoo mama. Nipo Ujiji, Kigoma. Kitalu chetu cha michikichi kina matangi matatu ya maji, na kila tangi lina Arduino (kompyuta ndogo ya bodi moja) inayopima kina. Nimevuta kebo ya mtandao hadi ofisini, kama mita 300, nikaunganisha waya za kutuma na kupokea moja kwa moja. Mezani zilielewana. Huku shambani zinaleta herufi za ajabu, na pampu ikiwaka ndiyo basi kabisa. Ninunue kebo nene?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinunue, kebo unayo tayari. Sasa hivi kila biti inasafiri kama volti 5 au sifuri, ikipimwa kutoka kwenye waya wa ardhi. Mota ya pampu ikianza, inaivuruga volti hiyo, na kompyuta ya pili haiwezi kutenganisha data na kelele.

Tafuta moduli nne za RS-485 (njia ya kutuma data mbali kwa waya) zenye chipu ya MAX485, moja kwa kila kompyuta, na ya ofisi pia. Hizi hutuma biti kwa waya mbili zilizosokotwa: moja ikipanda volti, nyingine inashuka, na mpokeaji husoma tofauti tu. Kelele huziingia zote mbili karibu sawa, kwa hiyo tofauti inabaki ileile. Kiwango hiki cha RS-485 ni cha 1983 na bado nakiamini kuliko redio nyingi za bei rahisi. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde inafika hata mita 1200; Ethaneti, mtandao wa kawaida wa kompyuta, kwa kebo hiyohiyo ingeishia mita 100.

Ndani ya kebo, chukua waya wa rangi ya chungwa na mwenzake mweupe-chungwa, maana ndio waliosokotwa pamoja. Ukichanganya chungwa na kijani umeharibu kazi yote. Kwenye moduli, A iende kwa A, B kwa B, na waya mwingine uwe wa ardhi. Mstari upite tangi hadi tangi, bila matawi. Miisho miwili tu ndiyo inayotaka rezista ya omu 120. Moduli nyingi za bei nafuu huja nayo tayari, basi ing'oe kwenye zile mbili za katikati. Halafu ofisi iulize tangi moja moja kwa namba. Wakisema wawili kwa pamoja, hupati kitu.

Kinachonitia hofu ni radi. Usiitundike kebo kwenye miti. Ifukie ndani ya bomba la plastiki kabla mvua za Oktoba hazijaanza, na ufunge kinga ya radi miisho yote miwili, iliyoshikizwa kwenye fimbo ya ardhi. Chipu yenyewe haivumilii hata radi iliyopiga jirani.