Jibu: Miti myekundu kando ya njia ya Kipushi
Ndugu, salamu. Umeuliza kama miti iliyogeuka myekundu kando ya njia ya Kipushi, karibu na Lubumbashi huku Kongo, mwezi huu wa tisa inakufa, au kama inapukutisha majani kama ile ya Ulaya. Shika kwanza ncha ya tawi: jani likiwa laini, linaloning'inia na kung'aa, hilo ni jani changa, kwa maana miombo, yaani miti ya misitu ya huku kwetu, huchipua kabla ya mvua, na wekundu huo hugeuka kijani baada ya wiki chache. Likivunjika mkononi, tazama shina. Likiwa jeusi kwa chini, ni moto wa porini uliopita hapo, jambo ambalo mimi mwenyewe nililidhania kuwa ugonjwa kwa miaka miwili.

Kwa picha moja uliyotuma siwezi kukutajia mti wenyewe. Tuletee picha ya ganda la mbegu, kwa sababu ganda husema zaidi kuliko rangi. Ukirudi mwezi wa kumi, inua macho pia: mbayuwayu wanaokimbia baridi ya Ulaya huanza kufika huku. Na mvua ikishakolea, kwenye vichuguu hutokea uyoga, ambao mama zetu huwahi kuuchuma kabla sisi watazamaji wa ndege na miti hatujaamka.