Majibu ya Daktari: Kuchomwa ajmalini ili kuutafuta ugonjwa wa Brugada

SWALI: Kaka yangu alifia usingizini akiwa na miaka 36, na uchunguzi wa maiti haukuonyesha kasoro. ECG yangu (mchoro wa umeme wa moyo) ni safi, lakini daktari hapa Birmingham anataka kunichoma dawa ya ajmalini kutafuta Brugada, ugonjwa wa kurithi wa umeme wa moyo unaoweza kuua ghafla. Kwa nini nichokozwe moyo usio na shida?

JIBU: Pole sana kwa msiba, dada. ECG safi haikuondolei shaka, kwani alama ya Brugada kwenye mchoro huja na kupotea. Kipimo cha jeni nacho hakimalizi shauri: kwa wagonjwa walio wengi jeni ya SCN5A, ile inayohusishwa zaidi na ugonjwa huu, haionyeshi hitilafu. Ajmalini huziba njia za sodiamu, yaani vijilango vya kupitishia umeme, kwenye seli za moyo. Kama zilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, alama hujitokeza.

Utawekewa kanula (kijimrija cha kwenye mshipa) mkononi na pedi za mashine ya kushtua moyo kifuani. Elektrodi V1 na V2, vibandiko vya ECG vya kifuani, hubandikwa nafasi ya nne kati ya mbavu, kisha nyingine nafasi ya tatu na ya pili. Ulizia hizo za juu, maana wapo ambao alama yao huonekana huko tu. Dozi ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, isizidi 100, ikiingizwa polepole kwa dakika kama 10 huku ECG ikichapishwa mara kwa mara.

Sindano husimamishwa mara mstari wa ST, sehemu ya mchoro iliyo kabla ya wimbi la T, unapopanda milimita 2 au zaidi na kushuka kama mteremko hadi wimbi la T lililopinduka. Huko ndiko kupatikana na alama. Husimamishwa pia QRS (sehemu ya mchoro ya vyumba vikuu vya moyo) ikitanuka kwa asilimia 30 kuliko mwanzo, au mapigo ya ziada yakianza. Kuendelea kusukuma dawa hapo ndiko kunakoweza kuleta mapigo ya hatari. Isoprenalini, dawa ya kuharakisha moyo, huwekwa karibu kwa ajili hiyo. Ukimaliza, utaangaliwa mpaka ECG irudi ilivyokuwa.

Alama ikitokea, usidhani utapandikizwa kifaa cha kushtua moyo kesho yake. Tangu mwongozo wa Ulaya wa 2022, alama iliyoletwa na dawa haitoshi peke yake kuthibitisha ugonjwa. Kwako kifo cha kaka ndicho kinachoipa uzito. Utapewa orodha ya dawa za kuepuka, na homa yoyote uishushe mapema kwa parasetamoli. Watoto wa marehemu nao wapimwe ECG. Kwa aliye mdogo, majibu safi kabla ya kubalehe hayafungi faili.