Maswali Yenu: Uzi wa Neva Unafuatwaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba watafiti walifuata nyuzi za neva zinazotoka kwenye kituo cha kuona cha ubongo wa kati wa oposamu, yule mnyama wa Marekani anayebeba watoto mfukoni. Uzi mwembamba kuliko unywele unafuatwaje? Na kwa nini oposamu? – Mwanafunzi wa biolojia

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umenirudisha kwenye chumba chenye harufu ya fomalini (dawa ya kuhifadhi viungo visioze), nilikokuwa nikikata ubongo vipande vyembamba na kuvipaka fedha (madini, si ile ya mfukoni).

Mbinu ya zamani ilikuwa ya kikatili. Unajeruhi kilima cha juu cha ubongo wa kati, ndicho hicho kituo cha kuona unachokiuliza, kisha unasubiri siku chache. Uzi uliotengwa na seli yake hufa na kumeguka. Mwaka 1954 watafiti Nauta na Gygax walichapisha namna ya kuzuia nyuzi nzima zisishike fedha, ili zishike zile zinazooza tu. Kwenye hadubini unaona vitone vyeusi vimefuatana kama nyayo. Ukichelewa, mwili umeshafagia mabaki. Hilo nililijua kwa kuharibu kazi.

Ila kidonda hakichagui: kinakata hata nyuzi zinazopita njia tu. Siku moja nilishangilia mkondo mnene, msimamizi wangu akauliza, "Una hakika zimezaliwa hapo?" Nikakosa jibu.

Jibu lilikuja na asidi amino zenye tritiamu, yaani haidrojeni yenye mnururisho. Ukizidunga, kiwiliwili cha seli ndicho kinachozigeuza protini na kuzisafirisha hadi ncha za uzi. Uzi mpita njia hauna kiwanda hicho. Vipande hupakwa utando wa kupigia picha, vikakaa gizani wiki kadhaa, kisha chembe nyeusi hujitokeza juu ya njia. Na chembe zenyewe ni fedha tena!

Hivyo ndivyo tunavyojua kwamba tabaka za juu za kilima hupeleka nyuzi thalamasi (kituo cha ndani ya ubongo kinachopokeza taarifa za hisi), na za ndani huvuka upande wa pili na kushuka kuelekea shingoni, kichwa kipate kugeukia kile jicho lilichoona.

Oposamu huzaliwa baada ya siku 13 hivi, ubongo ukiwa bado unaunganishwa, kwa hiyo hatua nyingi hutazamwa mfukoni badala ya tumboni.

Ukipata vipande vya ubongo wake, usianzie kwenye kilima. Anzia chini, kwenye daraja la ubongo (sehemu iliyo chini ya ubongo wa kati), karibu na mstari wa katikati, ambako nyuzi zilizovuka zimekusanyika, kisha panda nazo.