Maswali ya Wasomaji: Nimekwama Kwenye Nyota Tano

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Morogoro, na mchezo wangu ni osu!, ambao ninaucheza kwenye kompyuta mpakato kwa kipanya na vitufe viwili vya kibodi. Miezi ya mwanzo nilipanda haraka; wimbo ulionishinda wiki hii, wiki iliyofuata niliumudu. Tangu nifike nyimbo za nyota tano, karibu mwaka mzima sasa, sisogei. Usahihi wangu unabaki asilimia 92 au 93, na noti za mfululizo zinapoanza, vidole vinakakamaa nami napoteza kombo, yaani ule mfuatano wa noti nilizozigusa bila kukosa. Ninacheza kila jioni, mara nyingine hadi usiku wa manane, na cheo changu hakibadiliki. Rafiki zangu wananiambia kuwa nimefika mwisho wa kipaji changu. Je, ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Katika barua yako sioni dalili ya mtu aliyefika mwisho wa kipaji. Ninaona mtu ambaye namna yake ya kufanya mazoezi ilimtosha kabisa kutoka nyota moja hadi nne, na sasa haimtoshi tena. Kwa wasomaji wasioufahamu mchezo huu, osu! ulitolewa mwaka 2007 na Dean Herbert wa Australia. Duara, ambazo wachezaji huziita noti, hujitokeza kwenye skrini zikifuata mdundo wa wimbo, kila duara ikiwa na pete inayosinyaa kuielekea, na mchezaji hutakiwa kuifikia duara kwa kipanya na kubonyeza kitufe wakati uleule pete inapoigusa. Idadi ya nyota huonyesha ugumu wa wimbo.

Hali unayoieleza ilichunguzwa zamani sana, kabla ya kompyuta kuwapo. Mwaka 1897 watafiti wawili wa Marekani, William Lowe Bryan na Noble Harter, walichapisha uchunguzi kuhusu watu waliokuwa wakijifunza kazi ya telegrafu. Waliona kwamba uwezo wa kutuma ujumbe ulipanda bila kusita sana, lakini uwezo wa kupokea, yaani kusikiliza milio ya mtambo na kuitambua, ulipanda, ukasimama kwa muda mrefu, kisha ukapanda tena. Maelezo yao yalikuwa kwamba mwanafunzi aliyesimama alikuwa bado akisikia herufi mojamoja, na kwamba mwendo wake ulifunguka pale sikio lilipoanza kulipokea neno zima kwa mara moja. Watafiti waliofuata walipinga wazo kwamba ni lazima kila mwanafunzi akwame hivyo, nami ninaona hoja yao ina uzito, kwa sababu inatupa matumaini kuwa mazoezi yaliyopangwa vizuri yanaweza kukifupisha kipindi hicho au kukiondoa kabisa. Hata hivyo, jambo waliloligundua Bryan na Harter ndilo ninalolishuku kwako: vidole unavyovilaumu huenda vina nafuu kuliko macho.

Tuangalie hesabu yenyewe. Nyimbo nyingi za kiwango chako huwa na kasi ya kujitokeza ya daraja la 9, maana yake duara huonekana milisekunde 600 kabla ya wakati wake wa kubonyezwa. Wimbo ukiwa na mapigo 180 kwa dakika na mfululizo wa noti nne kwa kila pigo, unatakiwa kubonyeza mara 12 kwa sekunde. Kwa hiyo, wakati wowote katikati ya mfululizo huo kuna duara saba hivi kwenye skrini. Mtoto anayesoma kwa silabi, ba-be-bi-bo-bu, hawezi kusoma gazeti kwa mwendo wa mtu mzima hata ulimi wake uwe mwepesi namna gani, na mchezaji anayezitazama duara hizo mojamoja yuko mahali hapohapo. Hana muda. Akili inachelewa, kiganja kinajibu kwa kukaza misuli, na hapo ndipo unapohisi vidole vimekakamaa.

Ili ujue kama ninakisia sawasawa, fungua marudio, yaani rekodi ya uchezaji wako, ya wimbo mmoja uliokushinda na uyatazame kwa nusu ya mwendo. Tafuta mahali kombo ilipokatika, kisha rudi nyuma sekunde mbili. Angalia kielekezi chako: je, kilikuwa kimeshaanza kuelekea kwenye mfululizo kabla ya noti ya kwanza, au kilikuwa bado kimeganda juu ya duara iliyotangulia? Angalia pia kitufe ulichoanza nacho. Wachezaji wengi huwa na kidole kimoja wanachokipenda kuanzia, na ruwaza ikiwalazimisha kuanza na kile kingine hujikwaa kwenye noti ya pili au ya tatu, kisha huipa kasi lawama ambayo si yake. Ukitazama makosa kumi ya namna hii utaanza kuona kwamba yanafanana, nayo ndiyo mazoezi yako ya mwezi huu.

Mchezo wenyewe pia unakupa vipimo ambavyo wachezaji wengi huvipita bila kuviangalia. Ukiweka kielekezi juu ya mchoro ulio kwenye ukurasa wa matokeo, utaonyeshwa wastani wa kubonyeza kwako mapema na kuchelewa, pamoja na namba inayoitwa Unstable Rate, ambayo ni mtawanyiko wa makosa yako ya muda uliozidishwa kwa 10. Vitu hivi viwili usivichanganye. Ikiwa karibu kila noti unachelewa kwa kiasi kilekile, mkono wako hauna kosa kubwa. Kuna kucheleweshwa kwa sauti au picha kwenye kifaa chako, na hilo hurekebishwa katika mipangilio. Ikiwa unawahi hapa na kuchelewa pale bila mpangilio, hapo ni mkono na sikio vinavyohitaji kazi. Kumbuka kwamba katika wimbo wenye kipimo cha usahihi cha daraja la 8, alama kamili hupatikana ndani ya takriban milisekunde 32 kabla au baada ya pigo. Mtu mwenye mtawanyiko mkubwa anaweza kugusa kila duara bila kukosa hata moja na bado akabaki kwenye asilimia 93 zako.

Sasa nije kwenye mazoea ambayo, kwa maoni yangu, yanawakwamisha watu wengi kuliko yote: kuanza upya kila unapokosa. Mchezaji hukosa noti katika sekunde ya ishirini, hubonyeza kitufe cha kurudia, na hufanya hivyo jioni nzima. Mwisho wa siku amezifanyia mazoezi sekunde ishirini za mwanzo mara nyingi mno, na ile sehemu ngumu iliyoko kwenye dakika ya pili hajaigusa hata mara tano. Zaidi ya hayo, anachojifunza ni wimbo ule mmoja kwa kichwa, hata akipewa mwingine wenye ruwaza zilezile anakuwa mgeni. Weka kipengele cha No Fail, kinachozuia wimbo usikatike ukishindwa, na ujilazimishe kuumaliza kila wimbo unaouanza, hata kama matokeo ni ya aibu. Ukimaliza, nenda wimbo mwingine.

Kuhusu kubadilisha nyimbo, kuna utafiti wa mwaka 1979 wa John Shea na Robyn Morgan unaofaa kukumbukwa hapa. Waliwapa watu kazi tatu tofauti za kusogeza mkono haraka. Kundi moja lilifanya kazi ya kwanza hadi likaimaliza, ndipo likaenda ya pili. Kundi jingine lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi, waliochanganyiwa walifanya vibaya zaidi, lakini walipopimwa baadaye ndio waliokumbuka vizuri zaidi. Nakuomba ulizingatie hilo, kwa kuwa utakapoanza kucheza nyimbo mchanganyiko, usiku wa kwanza na wa pili utajiona umerudi nyuma, na kishawishi cha kurudia wimbo wako uliouzoea kitakuwa kikubwa.

Kwa mazoezi ya macho, shuka hadi kwenye nyimbo unazozimudu kwa usahihi wa asilimia 97 au zaidi, na uzicheze ukiwa na kazi moja tu: kutambua kundi la noti kabla hujalifikia. Hii ni tatu za haraka, ile ni tano, ule ni mfululizo mrefu, hizi ni duara zilizoachana zinazofuata sauti ya mwimbaji. Sikiliza ngoma, kwa sababu aliyepanga wimbo kwa kawaida ameziweka noti za mfululizo mahali ambapo ngoma au gitaa linakimbia, na sikio lililoisikia ruwaza hulipunguzia jicho kazi. Kipengele cha Easy nacho kinasaidia: hufanya duara zionekane mapema zaidi, hivyo skrini hujaa noti nyingi kwa pamoja, na macho hulazimika kuzipanga. Mwanzoni utachanganyikiwa, kisha siku moja utaona mpangilio.

Kwa mkono, tafuta nyimbo zenye mfululizo wa mapigo 140 au 150 kwa dakika, ucheze kwa kigasha kilicholegea, na upande mapigo matano tu kila unapohisi kuwa kubonyeza kumekuwa kwepesi. Wapo wanaopendelea Half Time, kipengele kinachopunguza mwendo hadi robo tatu, ili wimbo wa 180 uwe wa 135. Kinafaa kwa kujifunza ruwaza, lakini kwa kupima usahihi sikipendekezi, kwa kuwa kikipunguza mwendo kinalegeza pia muda unaoruhusiwa kubonyeza, na asilimia unayoiona inakupendelea.

Habari za usiku wa manane nazisema kwa ufupi ingawa ni nzito. Mwaka 2002 Matthew Walker na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walifundishwa kubonyeza mfuatano wa namba kwa vidole. Baada ya usiku wa kulala, kasi yao iliongezeka kwa takriban asilimia 20 bila mazoezi ya ziada, wakati waliokaa macho kwa muda kama huo mchana hawakupata ongezeko la maana. Saa za usiku wa manane unazozitumia kucheza huku umechoka zinakugharimu usingizi, na usingizi ndio wakati ambao ulichojifunza jioni kinatulia.

Mwisho, cheo. Katika osu! pointi za cheo hutokana na matokeo yako bora: la kwanza huhesabiwa lote, la pili asilimia 95, la tatu asilimia 90 hivi, na kuendelea kushuka. Kwa hiyo unaweza kuwa mchezaji bora zaidi kwa miezi mitatu, ukacheza kwa usahihi nyimbo mia zilizokushinda mwaka jana, na namba hiyo isisogee kwa sababu hakuna hata mmoja uliovuka yale matokeo yako machache ya juu. Namba hiyo inapima kilele chako, na wewe sasa unajenga chini yake. Andika kwenye daftari Unstable Rate yako ya nyimbo zilezile tano, mara moja kwa wiki, na uache kufungua ukurasa wa cheo kwa muda. Daftari hilo litawajibu rafiki zako kuliko mimi.

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi hucheza michezo ya midundo kwenye simu, ile ya vigae vinavyoshuka. Tangu ninunue hedifoni zisizo na waya, alama zangu zimeshuka ghafla na sijapanda tena. Nimezembea au ni vifaa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Salaam sana. Kama kushuka kulianza siku ulipobadilisha hedifoni, anza kwa kuzishuku hizo. Sauti inayopita kwa Bluetooth mara nyingi huchelewa kwa zaidi ya milisekunde 100, nayo michezo hii hupima makosa ya makumi machache ya milisekunde. Ukienda na sikio, utabonyeza kigae kimeshapita. Michezo mingi ina sehemu ya kusawazisha sauti na picha, na hiyo itaurudisha muziki mahali pake, lakini haiwezi kuurekebisha ule mlio unaotokea kwa kidole chako, kwa kuwa wenyewe huzaliwa baada ya kubonyeza na bado lazima usafiri. Uzime mlio huo, au, vizuri zaidi, rudi kwenye hedifoni za waya wakati wa kucheza. Ukishafanya hivyo na alama zikabaki chini kwa wiki mbili au tatu, soma jibu la msomaji wa Morogoro, maana tatizo lako litakuwa ndugu wa lake.

SWALI: Mwandishi, ninajiandaa kushindana na wenzangu na ninacheza saa nyingi kila siku. Siku hizi kidole gumba na vidole viwili vinavyofuata vinapata ganzi, hasa usiku. Je, niendelee polepole au nipumzike?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Pumzika, na umwone daktari wiki hii. Ganzi ya vidole hivyo, hasa inayomwamsha mtu usiku, inaweza kuwa ishara kwamba mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono unabanwa, na jambo hilo likiachwa hudhoofisha nguvu za kiganja. Wenzako watakuwapo hata ukiahirisha mashindano. Mweleze daktari bila kuficha ni saa ngapi unacheza na kwa mkao gani, na ikiwezekana chukua picha ya meza yako ili aone jinsi kifundo kinavyojikunja juu ya ukingo. Atakapokuruhusu kurudi, anza na nyimbo fupi za mwendo wa chini, kifundo kikiwa kimenyooka, na uuachie mkono upumzike baada ya kila wimbo. Ganzi ikirejea, acha kucheza siku hiyohiyo na umrudie daktari.