Timazi imegusa chini?

SWALI: Meli ya Challenger, ya Uingereza, iliyopima vina vya bahari (1872–1876), ilijuaje kamba imefika sakafu ya bahari, kilomita kadhaa chini? – Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Kwa saa, si kwa mkono. Kamba ya katani ilitiwa alama, na muda ukahesabiwa kila pima 100 (mita 183) zilipoteremka. Muda ukirefuka ghafla, timazi (uzito wa ncha ya kamba) imetua. Ukingoja kamba ilegee utadanganyika: uzito wake wenyewe na mikondo huendelea kuivuta. Vyuma vya uzito viliachwa hukohuko chini, kamba isije ikakatika ikivutwa juu. Mwaka 1875, karibu na visiwa vya Mariana, walipata pima 4,475, yaani mita 8,184 hivi. Kwa kamba tu, jamani! Siku hizi hutumika mwangwi: sauti hukata mita 1,500 hivi kwa sekunde majini, kwa hiyo ukirudi baada ya sekunde 4, kina ni mita 3,000. Wengi husahau kugawa kwa mbili.