Puli ya supachaja: pima kabla ya kung'oa

Mara ya kwanza nilipobadilisha mwenyewe puli ya supachaja (kifaa kinachozungushwa na mkanda ili kuisukumia injini hewa zaidi), kuing'oa kulinichukua saa nne na kupachika mpya dakika kumi. Dakika kumi hizo ndizo zilizoniharibia mkanda. Sikuwa nimepima puli ya zamani imekaa umbali gani kutoka kwenye bodi ya supachaja, nikaisukuma mpya mpaka ikagota. Ikapitiliza mstari wa puli nyingine kwa kama milimita mbili. Siku chache tu, ukingo wa mkanda ukaanza kuliwa, nyuzi nje.

Kwa hiyo kabla ya spana yoyote, chukua venia, kile kipimo cha taya mbili kinachosoma sehemu za milimita. Pima kutoka sehemu isiyobadilika ya bodi hadi mfereji wa kwanza wa puli, wala si hadi ukingo wake, kwa sababu puli mpya inaweza kuwa na ukingo mnene zaidi. Andika kipimo hicho. Mimi hukata kipande cha chuma chenye urefu uleule, nikakitumia kama kizuizi wakati wa kupachika.

Injini iwe imepoa na waya hasi wa betri umetolewa. Piga picha njia ya mkanda, kisha vuta tenshena (mkono wa springi unaokaza mkanda) kwa nondo ndefu. Ikiwa ina tundu la kufungia, ingiza pini, ili mikono yako isiwe katikati pale inaporudi kwa nguvu.

Sasa pula, kifaa cha kung'olea puli. Puli nyingi za supachaja zimebanwa kwenye shafti kwa mkazo tu, hazina nati. Pula ya kawaida ya miguu mitatu hushika ukingo na kuuvunja. Inayofaa ni ile inayokumbatia puli yenyewe, huku skrubu ya katikati ikisukuma ncha ya shafti. Pake grisi kwenye nyuzi za skrubu na kaza taratibu. Usigonge kwa nyundo hata kidogo, wala usibenue kwa bisibisi: nguvu hiyo yote inaishia kwenye beringi na kwenye rota zinazozunguka ndani ya supachaja, na nafasi kati ya rota hizo ni finyu mno. Kama ya kwako imefungwa kwa bolti kwenye kitovu, huna haja ya kazi hii yote.

Kupachika napendelea joto. Tundu la chuma la milimita 17 likipashwa digrii 180 zaidi ya shafti hupanuka kama milimita 0.04, na mara nyingi hiyo inatosha. Pasha puli pembeni, kamwe si ikiwa kwenye shafti, kwani nyuma yake kuna sili ya oili. Vaa glavu nene, na kizuizi chako kiwe tayari mahali pake. Puli ikishagusa shafti baridi itashika ndani ya sekunde chache, na hapo hakuna kuirekebisha.

Mkanda nao una hesabu yake. Alama 6PK1360 maana yake mifereji sita na urefu wa milimita 1360. Ukitoka puli ya milimita 76 kwenda 68, na mkanda unazunguka nusu yake, njia inapungua kwa nusu ya 3.14 mara 8, yaani karibu milimita 12.6. Ukibaki na mkanda wa zamani, tenshena inaweza kufika mwisho wa mwendo wake na mkanda ukateleza. Puli hiyo pia inazungusha supachaja haraka zaidi kwa karibu asilimia 12, kwa hiyo mafuta na taimingi (wakati wa cheche za plagi) vipangwe upya kabla hujakanyaga sana. Injini ikianza kutoa mlio wa kugonga, ondoa mguu hapo hapo.

Kabla ya kuwasha, zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa mkono mizunguko miwili ukiangalia mkanda unakaa wapi kwenye kila puli. Puli za kuongozea mkanda zizungushe mapema, kabla hujaurudisha mkanda; beringi inayokwaruza ibadilishwe hapo hapo, kwa kuwa mkanda tayari umetolewa. Baada ya safari fupi ya kwanza, acha ipoe, kisha mulika kwa tochi. Vumbi jeusi likijikusanya kwenye puli moja, rudi na venia uanzie hapo.